Fundi Anakosa Mkono, Hakosi Akili

Leo nina habari ya kofia. Si baraghashia, si pama. Ni ile kofia ngumu inayofunika uso mzima wa fundi wa kuchomelea vyuma, na hasa aina yenye kioo kinachojitia giza chenyewe pale moto unapowaka. Vijana wa gereji wanaiita otomatiki, nami nitaiita hivyohivyo. Kama wewe si fundi, usizime redio. Geti lako limechomelewa na mtu. Grili za madirisha yako, kitanda cha chuma anacholalia mwanao bwenini, keria ya bodaboda iliyokufikisha kazini leo asubuhi, vyote vimepita mbele ya macho ya mtu. Na huenda siku ulipokwenda kukagua geti hilo ulimkuta mwenyewe kavaa miwani ya jua, ile ya kununua stendi.

Tunapenda kumsema fundi huyo. Mkaidi, tunasema, hajali afya yake, hana elimu. Mimi sikubaliani na lawama hizo, na sababu yangu iko kwenye mikono yake. Mtazame anapounga grili. Mkono wa kulia umeshika koleo lenye kijiti cha kuchomelea. Mkono wa kushoto umeshika kipande cha chuma kisihame, maana kikiteleza kidogo tu dirisha zima linakaa upogo. Sasa ile ngao ya zamani yenye mpini, ya kushika mbele ya uso, aishike na nini? Hata kofia ya kawaida yenye kioo cheusi cha kudumu ina taabu yake. Ukiishusha usoni kabla moto haujawaka huoni kitu, giza totoro. Kwa hiyo unalenga kijiti mahali pake kofia ikiwa juu, unatikisa kichwa ikushukie, ndipo unagusa. Katika kutikisa kichwa, mkono nao unahama, ukaja kuchomelea pembeni. Grili moja ina viungo vingi, na kila kimoja kinataka mguso wa sekunde mbili tatu. Juu, chini, juu, chini, kutwa nzima. Tena fundi analipwa kwa dirisha, halipwi kwa saa. Ndipo anapoitupa kofia chini ya meza na kuvaa miwani ya jua, au anafanya lile la hatari kupita yote: analenga, anafumba macho, anagusa, anafumbua.

Akili anazo. Anachokosa ni mkono wa tatu.

Haya, miwani ya jua inamsaidia kiasi gani? Tupige hesabu. Miwani ya jua ya kawaida, iliyotengenezwa kwa kufuata viwango, hupitisha kati ya asilimia 8 na asilimia 18 ya mwanga. Kioo cha kuchomelea chenye giza la namba 10 hupitisha sehemu moja tu katika kama 7,000. Maana yake miwani ya jua, tena ile nzuri, inampitishia fundi mwanga mara 500 na zaidi kuliko kioo anachostahili kuvaa. Na hapo tumehesabu ule mwanga unaoonekana. Moto wa kuchomelea unatoa pia mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni lakini linaungua nayo, na ngozi vilevile. Miwani ya bei ya chini isiyo na kinga ya mionzi hiyo inaweza kuwa mbaya kuliko kukaa macho matupu, kwa sababu weusi wake unaifanya mboni ipanuke, mionzi ikapata njia pana zaidi ya kuingia. Na hata kama vioo vyake vingekuwa vizuri, pembeni kuna uwazi, na paji la uso, mashavu na shingo viko nje vinachomwa.

Waswidi ndio waliofungua njia ya kumrudishia fundi mkono wake. Mwaka 1981 kampuni ya Hörnell ya huko Uswidi ilileta sokoni kioo cha kujitia giza kwa jina la Speedglas. Mwaka 2004 kampuni hiyo ikanunuliwa na 3M ya Marekani. Kwa muda mrefu bei ya vioo hivyo ilikuwa bei ya viwanda vikubwa. Siku hizi viwanda vya China vinavitoa kwa wingi, na ndiyo maana unakuta kofia za otomatiki zimening'inia madukani Kariakoo pamoja na grenda na misumari.

Ndani ya kioo hicho kuna tabaka la fuwele za kimiminika, jamii ileile inayoandika tarakimu kwenye kikokotoo, zimebanwa katikati ya vichujio vya mwanga. Zikikaa bila kushtuliwa zinapitisha mwanga wa kutosha, kwa hiyo fundi aliyeshusha kofia anaiona kazi yake, ijapokuwa kwa rangi ya kijani. Moto ukiwaka, vihisi vilivyo juu ya kioo vinaunusa, umeme mdogo unapita, fuwele zinabadili mkao na kioo kinakuwa cheusi. Moto ukizimika kinarudi kilivyokuwa. Kofia haikuguswa, shingo haikutikiswa, na mkono wa kushoto bado umeshika chuma.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Katika kioo hichohicho kuna kichujio kingine kisichotegemea betri wala umeme, kinachozuia mionzi ya urujuanimno pamoja na ile ya joto muda wote, kioo kikiwa cheupe au cheusi, kiwe kizima au kimekufa. Kwa kofia halali, basi, kioo kikichelewa kugeuka utapigwa na mwanga mkali, utaona madoa, utakasirika. Lakini ile mionzi inayounguza jicho ilizuiwa tangu mwanzo. Ndiyo maana mimi sibabaishwi na namba za kasi zinazoandikwa kwa wino mwekundu kwenye boksi: sehemu moja ya 10,000 ya sekunde, sehemu moja ya 25,000, nyingine 30,000. Kope ya binadamu inahitaji kama sehemu moja ya kumi ya sekunde ili ijifunge. Kofia zote hizo zimeiacha kope mbali. Tofauti ipo, sikatai. Anayepiga miguso mamia kwa siku atachoka macho kidogo akiwa na ile ya polepole. Ila usiongeze fedha kwa ajili ya namba hiyo peke yake. Unacholipia hasa ni uhakika kwamba kichujio kile kimo kweli, na kwamba kioo kitageuka kila mara, hapo unapofanyia kazi wewe.

Juzi nilisimama kwenye duka moja la vifaa pale Gerezani nikamsikiliza fundi wa makamo akinunua. Muuzaji, kijana mchangamfu, alikuwa ameweka kofia mbili mezani. Moja imechorwa mafuvu na ndimi za moto, ya pili nyeusi tupu.

"Fundi wangu, chukua hii ya moto. Vijana wote wanachukua hii."

"Mdogo wangu, mimi sivai picha. Nipe niangalie ndani."

Akazigeuza zote mbili, akasogea mlangoni penye mwanga, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kioo. Ile nyeusi ilikuwa na mstari wa maandishi madogo: 4/9-13, kisha herufi za kiwanda, kisha 1/1/1/2, mwisho 379. Ile ya mafuvu haikuwa na kitu zaidi ya jina la kampuni na kasi yake. Akairudisha mezani.

"Lakini zote zinageuka, fundi. Ona." Kijana akaielekeza kwenye jua, na kweli kioo kikawa cheusi.

"Kugeuka nimekuona. Inachozuia ndicho sijakiona."

Yule fundi alisema kweli. Jaribio la jua dukani linathibitisha kwamba vihisi vinaamka na betri ina uhai, basi. Halisemi lolote kuhusu mionzi ya urujuanimno, kwa kuwa hakuna mtu, awe fundi au mhandisi, anayeweza kuiona kwa jicho. Tunachoweza kukisoma ni ule mstari. Ile 4 ya mwanzo ni namba ya kioo kikiwa cheupe. 9-13 ni namba za giza unazoweza kuchagua. Zile tarakimu nne zinazofuata ni alama za ubora wa kuona, na hapo 1 ndiyo bora, 3 ndiyo ya mwisho: ya kwanza inahusu picha isipinde, ya pili ukungu, ya tatu giza liwe sawa kioo kizima, ya nne giza lisibadilike sana unapotazama kwa upande. Hii ya nne wengi wanaipuuza, nayo ndiyo inayomhusu anayeingia chini ya geti au uvunguni mwa gari, mahali ambapo huwezi kutazama moto uso kwa uso. Namba 379 ni ya kiwango cha Ulaya kwa vioo vya otomatiki. Kofia mpya zinaanza kuja na 16321, ambacho ni kiwango kipya cha kimataifa. Za Marekani utaona Z87. Kofia isiyo na hata kimoja kati ya hivyo iache hapo mezani, hata kama inapendeza namna gani.

Najua utaniambia maandishi yanaghushiwa. Yanaghushiwa. Kwa hiyo fungua boksi, toa kitabu cha maelezo, uone kama mstari uliomo kitabuni ni uleule uliomo kwenye kioo. Chukua risiti. Nunua kwa mwenye duka, si kwa mtu wa mezani ambaye wiki ijayo atakuwa anauza chaja za simu.

Tuje kwenye vihisi, maana hapa ndipo kofia za bei ya chini na za bei ya juu zinapoachana. Vihesabu: ni vile vitundu vidogo juu au pembeni mwa kioo. Nyingine zina viwili, nyingine vinne. Fundi anayeunga grili zake juu ya meza, moto uko mbele yake wazi, viwili vinamtosha. Lakini weka bawaba ya geti kwa ndani, au unga bomba lililopita mbele ya uso wako, au jikunje kwenye fremu ya kiti cha basi: chuma kinakata njia kati ya moto na vihisi, kimoja kinafunikwa, cha pili kinafunikwa na mkono wako mwenyewe, kioo kinarudi kuwa cheupe katikati ya kazi. Ukiona hivyo mara mbili tatu, utaanza kukunja uso kila unapogusa, na fedha yako imekwenda bure. Wa kazi za namna hiyo atafute vinne. Dukani, elekeza kofia kwenye jua kioo kigeuke, kisha ziba kihisi kimoja kimoja kwa kidole uone kama vilivyobaki vinatosha kukishikilia.

Na jua lenyewe ni tatizo kwetu kuliko kwa hao waliotengeneza kofia. Wao wanachomelea ndani ya karakana, sisi tunachomelea barabarani saa saba mchana. Jua kali linaweza kuvidanganya vihisi kwamba moto umewaka, ukashusha kofia ukakuta giza kabla hujafanya lolote. Kwa hiyo hakikisha kofia ina kitufe cha kupunguza wepesi wa vihisi. Kiteremshe ukiwa juani, kipandishe ukiingia ndani au ukitumia umeme mdogo. Mwenye mashine ya TIG, yule wa chuma cha pua na kazi laini, ndiye anayehitaji vihisi vyepesi zaidi, kwa sababu moto wake ni mdogo na vihisi vya bei rahisi havioni kitu pale anaposhusha umeme chini kabisa. Wa vijiti hana shida hiyo. Moto wa kijiti unaonekana hata na kihisi kizembe.

Namba ya kioo nayo isikutishe. Ukipanda namba moja, mwanga unaopita unabaki kidogo zaidi ya theluthi moja ya ule wa mwanzo, kwa hiyo hatua moja si ndogo. Anayetumia kijiti cha milimita 2.5 kwa ampea chini ya 80 aanzie namba 10. Akipanda kwenye 3.2, ampea mia moja na kitu, namba 11. Akipita ampea 175, namba 12. Ni mahali pa kuanzia tu. Jicho lako ndilo linalomalizia. Anza na giza zaidi, teremka polepole mpaka uone vizuri kile kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka na kingo zake. Ukimaliza mshono ukaona madoa yanaelea mbele ya macho, panda. Ukijikuta umeinama mpaka pua inakaribia chuma, umepita kiasi. Kwa kawaida kofia ya 9-13 inamtosha fundi wa mitaani kwa kila kazi ya umeme. Kwa gesi, kukata au kuunga, hiyo siyo yake. Mwali wa gesi hauviamshi vihisi kwa uhakika, na giza la 9 ni kubwa mno. Mwenye gesi avae miwani yake ya gesi, namba 5 hivi.

Kuna kitufe cha kuchelewesha kurudi kwa mwanga, toka sehemu moja ya kumi ya sekunde mpaka sekunde nzima. Kwa miguso mifupi weka muda mfupi. Kwa chuma kinene, weka muda mrefu, kwa sababu moto unazimika lakini mshono bado unawaka mwekundu.

Kitufe cha grenda ndicho kinachonitia wasiwasi. Ukikibonya, kioo kinabaki cheupe hata cheche ziruke namna gani, ili uvae kofia hiyohiyo wakati wa kusaga. Ni raha kubwa, kwani uso mzima umekingwa. Lakini fundi anayebadilisha grenda na koleo kila dakika mbili ipo siku atasahau, agonge moto kioo kikiwa kimefungiwa kwenye weupe. Kichujio cha urujuanimno kitamwokoa jicho lisiungue, ila atapofuka kwa dakika nzima akiwa ameshika chuma cha moto. Baadhi ya kofia zina taa ndogo inayomulika ndani kukukumbusha. Itafute hiyo taa. Kama haipo, jizoeze kuielekeza kofia kwenye jua kila unapotoka kwenye grenda, uone imegeuka, ndipo ushike koleo.

Betri. Hapa wauzaji wanachanganya watu kwa kusema kofia inatumia jua. Kile kibao cheusi chini ya kioo ni kweli kinakusanya mwanga, na mwingi unatoka kwenye moto wenyewe wa kuchomelea, lakini kofia nyingi zinategemea pia betri ndogo ya duara. Muulize muuzaji: betri inatolewa? Kwenye nyingine kuna kidroo cha pembeni, unaweka CR2032 au CR2450, zile zinazopatikana kwa fundi saa. Nyingine betri imezibwa ndani, na siku inapokufa ndiyo siku ya mwisho ya kioo chote. Zinakuja na bei ya kuvutia, na kwa anayeunga mara moja moja hazina ubaya. Kwa mwenye gereji mimi nasema hapana.

Hata hivyo, kitu kinachoua otomatiki nyingi hapa kwetu si betri, ni kipande cha plastiki cha bei ya soda. Mbele ya kioo kuna kioo kingine chembamba, cheupe, cha kukinga. Kazi yake ni kupokea cheche ili kile cha thamani kisiguswe. Kinaliwa. Baada ya wiki chache za kazi nzito kimejaa vidonda, fundi haoni vizuri, anapunguza namba ya giza akidhani tatizo ni giza, mwishowe anakitoa kabisa na kuchomelea bila hicho. Cheche za siku chache zinatosha kuchoma kioo chenyewe, na hicho hakitengenezwi. Kwa hiyo kabla hujalipa, mwambie muuzaji akuonyeshe vya akiba. Akisema vipo ila si leo, hiyo kofia usiichukue. Pima ukubwa wa kioo hicho cha kukinga, kwa sababu kofia zilizochongwa kwa mapambo zina vioo vya kukinga vilivyopinda kwa namna yake, usivyovipata popote, ilhali zile za umbo la kawaida unaweza kupata vya kuziba hata duka la jirani. Kuna cha ndani pia, upande wa uso. Kisafishe kwa kitambaa laini, kwa kuwa pumzi na jasho vinakitia ukungu. Na kofia usiiache juu ya bati mchana. Nyingi zimetengenezwa kufanya kazi mpaka nyuzi joto 55, na bati la Dar es Salaam mwezi wa Februari halina mchezo.

Ivae hapohapo dukani, dakika tano, si sekunde tano. Kaza mkanda wa nyuma, inama, tazama juu, tikisa. Nusu kilo ni kitu kidogo mkononi lakini si kidogo shingoni saa kumi jioni. Na mafundi wangu mliopita miaka arobaini, hili ni lenu: kuna lenzi ya kukuzia inayochomekwa ndani ya kofia, nyuma ya kioo, kama miwani ya kusomea. Uliza kama kofia ina mifereji ya kuishikilia. Wazee wengi wanaoonekana wabishi, wanaovua kofia kila mara, hawabishi chochote. Hawaoni karibu, na wanaona haya kusema. Chini ya kofia vaa pia miwani myeupe ya usalama, maana unapogonga lile gamba la mshono kwa nyundo kofia iko juu, na vipande vinaruka bado vya moto.

Kwa aliyekwisha kuungua, dalili anazijua. Mchana kutwa hahisi kitu. Saa sita usiku macho yanafura, yanachuruzika, kana kwamba kuna mchanga ndani, na mwanga wa simu hautazamiki. Jirani analeta vipande vya kiazi, mwingine maziwa, mwingine majani ya chai. Acheni. Jicho lililoungua limechubuka, na usiliwekee kitu kilichotoka jikoni. Kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, dawa ya kawaida ya maumivu, chumba chenye giza, na asubuhi hospitali. Yale matone ya ganzi ambayo wengine wanayanunua kwa siri yanaondoa maumivu na wakati huohuo yanazuia jicho lisipone. Ni dawa ya daktari kutumia akiwa anakupima, siyo ya kukaa nayo mfukoni. Kama linauma jicho moja tu, shuku chembe ya chuma, usingoje kupambazuke. Mara nyingi kuungua huku kunapona kwa siku moja au mbili, na ndiko kunakotudanganya. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikutana mwaka 2017 wakaiweka mionzi ya urujuanimno ya kuchomelea katika kundi la kwanza, kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu; inayotajwa hapo ni saratani ya jicho. Moshi wa kuchomelea nao ukawekwa humohumo. Kofia ya otomatiki haizuii moshi, tusidanganyane, kwa hiyo kaeni upande unakotoka upepo.

Nimesema muda wote kuhusu fundi. Sasa kuna mtu wa pili pale, na huyu ndiye anayeninyima raha. Ni saidia fundi, kijana wa miaka kumi na saba, kumi na nane, aliyechuchumaa upande wa pili wa geti akiwa ameshika chuma kwa mikono yote miwili. Huyo ndiye amekuwa mkono wa tatu kwa miaka yote. Fundi anasema "funika," kijana anageuza uso, anabana macho, moto unawaka nusu mita kutoka kwenye sikio lake. Kope hazizuii mwanga ule wote, na mionzi inaruka kutoka ukutani na kwenye mabati mapya inamkuta alikogeukia. Nimeona gereji ambako fundi mkuu amenunua otomatiki nzuri, anajivunia, na kijana wake bado anageuza shingo.

Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake vifaa vya kinga. Haisemi fundi mkuu tu. Na huyu kijana hahitaji otomatiki, kwa sababu halengi kitu, anashikilia. Kofia ya kawaida yenye kioo cha kudumu inamtosha kabisa: haina betri, haina vihisi, haina cha kuharibika, na anaishusha kabla hajashika chuma. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya otomatiki. Au mwondoe kabisa hapo: klempu mbili na sumaku ya kushikia pembe zitashika vizuri kuliko yeye, hazichoki na hazina macho.

Kwa hiyo, mwenye gereji unayenisikiliza, ukienda Kariakoo wiki hii na bajeti ya otomatiki ya bei ya juu, shuka daraja moja. Chukua nyeusi tupu yenye mstari wa maandishi, vihisi vinne, betri inayotolewa na vioo vitano vya akiba. Fedha inayobaki, mnunulie kijana kofia yake.